Sura ya Nne: Gari Linalonguruma Bila Kwenda

Uvumi wenyewe Sajini aliupata kwenye simu kabla hajaupata kazini. Ilikuwa Jumanne, saa saba kasoro robo mchana, kwenye kundi la wazazi wa shule: gari la Ngurumo limempitia mtoto pale kwenye kona, lilikuwa kwenye kasi ya mia na arobaini. Saa saba na nusu mtoto alikuwa ameshakufa. Saa nane walikuwa watoto wawili. Kufika saa kumi mtoto amefufuka, ila Ngurumo alikuwa amelewa na alionekana akicheka.

Mengine yote aliyafuta. Hiyo mia na arobaini ndiyo iliyogoma kufutika. Alilala nayo, akaamka nayo. Si kwamba aliiamini. Ni kwamba ile kona aliijua, maana mtoto wake mwenyewe yuko darasa la pili pale. Ukuta wa shule umekuja mpaka ukingoni mwa barabara, na barabara yenyewe inajikunja kama kiwiko, huku inateremka. Mtu akiingia pale na mia na arobaini hagongi mtoto. Anaingia darasa la tatu kupitia ubaoni.

Lakini jaribu kuwaambia watu.

Jumatano saa mbili asubuhi mezani kwake kulikuwa na maelezo ya mashahidi kumi na wanne. Alichukua karatasi, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika WALIOONA, upande mwingine WALIOSIKIA. Mbele yake alikaa Mama Mboga, mwenye meza ya kuuzia mboga hapo karibu na kivuko cha watoto. Alikuwa amerudi mwenyewe, bila kuitwa, kuongeza maelezo.

"Mama, gari lilimgonga mtoto kwa upande gani?"

"Nilikuwa nimeinama nachambua mboga, afande."

"Kwa hiyo uliona nini?"

"Nilisikia Ngurumo anakuja kwa kasi. Halafu kishindo. Halafu mayowe."

"Nimekuuliza ulichoona."

"Sasa afande, gari linalonguruma vile, mpaka nilione ndiyo nilijue? Kila siku linanguruma. Na tangu juzi ndiyo limezidi, nyanya zangu zinatetemeka mezani kama zina homa!"

"Mama. Uliliona au hukuliona?"

Mama Mboga akamtazama kama anavyotazamwa mteja anayebonyeza kila nyanya na hanunui.

"Nilisikia," akasema.

Sajini akaandika. Wa kumi na tatu upande wa waliosikia. Upande wa walioona kulikuwa na mtu mmoja tu, Mzee wa Maji, dereva wa boza linalojaza tangi la shule. Ndiye aliyempakia mtoto kwenye boza na kumkimbiza hospitali. Maelezo yake yalikuwa mafupi: alikuwa anateremka kwenda shuleni, akaliona gari jeupe likimgonga mtoto na kukimbia, akasimama pale juu kabla ya kivuko, akashuka, akambeba.

"Mmoja aliyeona, kumi na watatu waliosikia," alisema Konstebo, msaidizi wake, akijinyoosha. "Afande, hapo kuna kazi tena?"

"Watu kumi na watatu walikuwa na macho ishirini na sita," Sajini alisema. "Yote yalikuwa wapi?"

Kabla Konstebo hajajibu, Mkuu wa kituo alichungulia mlangoni na kikombe chake cha chai. Nje ya geti kulikuwa na watu wapatao sitini na sauti zao zilifika mpaka ndani.

"Sajini, saa nane karatasi ya mashtaka ya huyo kinyozi, Ngurumo, iwe mezani kwangu. Sitaki hawa watu walale getini."

"Afande, anayesema ameliona gari ni mmoja tu."

"Mji mzima umelisikia!"

"Ndiyo hilo ninalosema."

Mkuu akanywa chai, akaondoka.

Ngurumo lilikuwa jina la gari, na mwenyewe akalirithi. Alikuwa kinyozi, mwenye duka lake hatua mia moja chini ya kona, jirani na wanapooshea magari. Walipomleta alikuwa na jicho moja limevimba, kwa sababu watu walimfikia kabla ya polisi.

"Jana saa sita na nusu gari lako lilikuwa wapi?"

"Nje ya duka langu, mama. Halijaondoka tangu asubuhi."

"Kuna watu kumi na watatu walilisikia likipita kwenye kona."

"Labda lililia. Kupita halikupita."

"Nifafanulie, mwanangu, maana leo nimeamka na kichwa."

Kinyozi akajikuna shingo. "Anayelia si gari. Ni spika. Nimeifunga mbele, nyuma ya bampa. Sauti ni ya gari la mashindano. Nabonyeza kwenye simu, inalia."

"Hata gari likiwa limezimwa?"

"Hata likiwa halina injini."

Sajini akaweka kalamu chini. "Unabonyeza wakati gani?"

"Nikimaliza kichwa. Nikimpangusa mteja tu, nabonyeza. Aliye mtaa wa pili anajua kiti kiko wazi, anakuja. Ni tangazo, mama. Siku nzuri nanguruma mara ishirini."

"Na ulishindwa kuita tu, 'Anayefuata'?"

"Kuita kila mtu anaita."

"Na jana saa sita na nusu ulibonyeza?"

Hapo kijana akanywea. Akatazama mikono yake. "Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, mama. Nilikuwa nanyoa. Nikasikia linanguruma. Nikasema moyoni, simu imejibonyeza. Hata mimi nilidhani ni langu."

Gari lilikuwa limevutwa mpaka uani kwa kituo. Kigari cheupe, kidogo, kimepakwa miali ya moto ubavuni. Konstebo alilala chini akaangaza kwa tochi, na dakika haikupita akapiga kelele kama aliyeokota noti.

"Afande! Bampa ina nyufa! Amegonga huyu!"

Sajini akachuchumaa, akapitisha kidole. Nyufa tatu, zote zimeanzia kwenye matundu ya skrubu, na plastiki imesukumwa kutoka ndani kuja nje.

"Mtoto alikuwa ndani ya gari akagonga kutokea ndani?"

Konstebo akasogeza tochi karibu zaidi.

"Hapo ndipo alipotoboa kufunga spika yake. Angalia eksozi."

Ndani ya eksozi kulikuwa na kifilimbi cha bati kilichobanwa kwa waya, cha kulifanya gari lipige mluzi likikanyagwa mafuta. Sajini akawasha injini. Ilikohoa, ikatetemeka, ikanguruma kwa sauti ya blenda iliyokwama na barafu. Akaizima. Kisha akamrudishia kinyozi simu yake.

"Bonyeza."

"Hapa, mama?"

"Bonyeza, nimesema."

Akabonyeza.

Sajini aliruka nyuma akamkanyaga Konstebo kidole. Ule mlio ulianza mbali, ukaja, ukaja, ukapanda, ukapasuka mara tatu kama mabati yanayodondoshwa, na kila kitu mwilini kikakwambia toka barabarani. Barabara yenyewe haikuwepo. Gari lilikuwa limezimwa na ufunguo ameushika yeye mkononi. Dirishani kwa Mkuu kulisikika kikombe kikivunjika.

"NANI HUYO?"

Nje ya geti watu sitini walikuwa wanakimbia kila upande. "Anatoroka! Ngurumo anatoroka!" Mwanamke mmoja alikuwa anaapa amemwona kabisa, amekunja kulia.

Simu ya Sajini ikatetemeka mfukoni. Kundi la wazazi: *Ngurumo ametoroka kituoni na gari lake, wenye watoto fungeni milango.* Ukafuata ujumbe mwingine: *Mimi mwenyewe nimemwona.*

Alisimama pale uani akiwa na simu mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili. Kinyozi alikuwa mbele yake, ana pingu. Gari lilikuwa mbele yake, limepoa.

"Konstebo," akasema, "nenda getini uwaambie Ngurumo yupo."

"Hawataniamini, afande."

"Najua."

Alichukua ile simu ya kinyozi akaifungia kwenye droo yake, ufunguo wa droo akautia mfukoni. Tatizo sasa lilikuwa limegeuka. Alijua mlio unaweza kuwepo bila gari. Lakini mtoto alivunjika mguu, na mlio hauvunji mguu. Kama saa sita na nusu ilikuwa spika ya kinyozi, basi kuna gari jingine lilipita bila kusikika. Na kama haikuwa spika, nini kilinguruma?

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mzee mmoja mnene, fundi bomba, amevaa kofia nzito ya sufu kwenye joto lile. Sajini alimkumbuka. Jana jioni alikuwa hapohapo.

"Baba, wewe una shida gani?"

"Sasa ndiyo naulizwa!" Mzee akasimama. "Tangu jana nakaa hapa. Kila nikitaka kusema, vijana wako wanacheka, wananiambia kaa usubiri. Nimekuja kumdai kinyozi wangu."

"Kinyozi wako ana kesi, baba."

"Na mimi nina kichwa!"

Akavua kofia. Upande wa kulia kichwa kilikuwa kinang'aa kama yai. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimejaa, nyeupe, zimesimama. Askari wa mapokezi akakimbilia chooni amejiziba mdomo.

"Unaona? Ndivyo wanavyofanya." Mzee akarudisha kofia. "Jumamosi namwoza binti yangu. Niwapokee wakwe nikiwa mtu na nusu?"

"Mji una vinyozi wengi, baba."

"Nimekwenda kwa watatu. Kinyozi wa mtaa huu hagusi kichwa alichoanza mwenzake. Wanasema ni kumwibia. Kakimalize alikokianzia, ndiyo wanavyoniambia. Siku hizi kila mtu ana sheria zake, isipokuwa za maana. Huyu anafunga spika gari lipige kelele. Yule Mzee wa Maji nimemwambia mara tatu koki ya boza lake inavuja, badilisha mpira, ananijibu kesho. Hakuna anayesikia!"

Sajini alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa anaitazama ile kofia.

"Baba, wakati ule mlio unasikika, ulikuwa umekaa kwenye kiti?"

"Nilikuwa nimekaa, nimefungwa shuka."

"Yeye mikono yake ilikuwa wapi?"

"Mmoja una mashine, mmoja umenishika sikio. Alinibana mpaka likauma."

"Na simu?"

"Juu ya meza, chini ya kioo, mbele ya macho yangu. Hakuna aliyeigusa. Kwani ananguruma akiwa anaendelea? Ananguruma akimaliza." Mzee akajigonga upande wa kushoto wa kofia. "Sasa hiki kimeisha?"

Sajini akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akaupeleka juu na chini mpaka mzee akaogopa.

"Baba, kaa hapo. Usinyolewe. Wewe ni kielelezo."

"Mimi ni nini?"

Lakini yeye alikuwa ameshatoka. Kichwa hakikuisha, kwa hiyo spika haikulia. Spika haikulia, kwa hiyo kilichonguruma kilikuwa kitu cha kweli, kina magurudumu, na kilikuwa kinakuja.

Hospitali, wodi ya watoto, kitanda cha dirishani. Msichana wa miaka tisa ambaye shule nzima inamwita Kidoti. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye plasta mpaka kiunoni. Daktari alimwambia Sajini mlangoni: ataishi, kichwa kiko salama, lakini mguu umevunjika karibu na goti, mahali unaporefukia. Kama utakua sawa na mwenzake, hajui. Hakuna ajuaye kabla ya mwaka.

Mama yake alikuwa pembeni ya kitanda. Fundi cherehani. Alitoka nyumbani jana akikimbia na futi ya kupimia bado ilikuwa shingoni.

"Mmemfunga?" ndilo neno lake la kwanza.

"Yuko ndani, dada. Naomba niongee na mtoto kidogo." Sajini akavuta kiti. "Kidoti, unanijua? Mimi ni mama wa yule wa darasa la pili anayekula chaki."

"Namjua. Anakula na penseli."

"Hiyo ya penseli sikuwa nayo. Haya, niambie. Jana ulipofika kwenye kona ulifanya nini?"

"Nilisimama. Nikasikiliza."

"Hukuangalia?"

"Huwezi kuona, kuna ukuta. Mama alinifundisha. Simama, sikiliza, ukisikia gari usivuke."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Nilimfundisha mimi. Hata walimu wakaichukua."

"Na jana ulisikia kitu?"

"Nilimsikia Ngurumo."

"Halafu?"

"Halafu nikavuka."

Sajini akadhani hakuelewa. "Ulimsikia, na ukavuka?"

"Ngurumo haji," Kidoti alisema, taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia. "Analia tu. Mwanzo tulikuwa tunamsubiri apite. Tunasubiri, tunasubiri, mpaka tunachelewa kufika nyumbani. Haji. Kila siku haji. Sasa tukimsikia tunavuka tu."

"Mnavuka. Nani na nani?"

"Sote."

Sote ni pamoja na mla chaki. Sajini aliandika neno hilo moja na kalamu ikatoboa karatasi.

"Na lililokugonga uliliona?"

"Hapana. Babu wa Maji alinibeba. Alikuwa analia. Babu mzima."

Mama wa Kidoti alikuwa amesimama. Futi ilimteleza shingoni ikaanguka na hakuiokota. Alitoka mpaka kwenye ujia, akasimama ameegemeza paji la uso ukutani. Sajini alimwona alipokuwa anapita. Alitaka kusimama. Saa ilikuwa saa sita na dakika ishirini, na darasa la kwanza mpaka la tatu wanatoka sita na nusu.

Alifika getini kwa shule anahema. Mlinzi alikuwa hajawafungulia watoto. Sajini alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kumwambia asiwafungulie alipomsikia Ngurumo.

Alisimama palepale.

Ngurumo alikuwa uani kwa kituo. Simu yake ilikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo Sajini aliushika sasa hivi, mfukoni, kwa vidole vitano. Na Ngurumo alikuwa analia ndani ya shule, upande wa tangi la maji.

Alimwashiria mlinzi asifungue geti, akazunguka jengo. Boza la maji lilikuwa limeegeshwa chini ya tangi, injini inawaka kuendesha pampu. Chini ya tumbo lake eksozi ilikuwa imekatika katikati, kipande cha nyuma hakipo, kimebaki kipande cha waya kinaning'inia. Kwenye koki ya nyuma maji yalikuwa yanadondoka, tone kwa tone, na tayari yalishafanya kidimbwi.

"Zima!" alipiga kelele. Dereva hakusikia. Akamwonyesha kwa mkono, kukata shingo. Injini ikazimika, na kimya kikawa kikubwa mno.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mtoto anaendeleaje?"

"Yu hai. Eksozi ilikatika lini?"

"Jumapili. Nilipita kwenye shimo. Nimeagiza nyingine, hawajaleta."

Jumapili. Jumatatu ndiyo siku nyanya za Mama Mboga zilipoanza kutetemeka. Sajini aliketi kwenye ngazi ya boza kama mtu asiye na haraka.

"Nisaidie kumalizia maelezo yako. Jana ulisimama mara ngapi barabarani?"

"Mara moja tu. Nikambeba, nikaenda hospitali moja kwa moja."

"Ulisimama juu, kabla ya kivuko?"

"Juu. Nilipoliona lile gari jeupe linamgonga."

"Hukusogeza tena gari mpaka ulipompakia?"

"Sikulisogeza hata kidogo."

"Hapo una uhakika."

"Nina uhakika kabisa, mama."

Sajini akatoa simu. Konstebo, pamoja na uzembe wake wote, alipiga picha za barabara dakika kumi baada ya tukio. Kiatu cha mtoto kwenye kivuko. Barabara kavu. Na hatua ishirini na mbili chini ya kivuko, katikati ya lami, dimbwi la maji.

"Hili tulidhani ni la wale wanaoosha magari," alisema. "Lakini wanaoosha magari wako bondeni, hatua themanini zaidi. Maji yao yapande kilima kuja kufanya nini?"

Mzee aliangalia picha. Akaangalia koki yake. Lilidondoka tone.

"Ulisimama chini ya kivuko, mzee wangu. Ulikuwa umeshampita."

Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono mikubwa, na aliketi chini kwenye tope lake mwenyewe.

"Sikuwa nakimbia, mama. Naapa. Boza limejaa, nakimbia vipi? Nilipiga honi. Alitoka ukutani taratibu tu, kama barabara haina kitu. Mtoto anasikia mlio wote ule na anavuka! Nilidhani ni kiziwi."

"Si kiziwi."

"Nilipombeba watu wakawa wanapiga kelele 'Ngurumo, Ngurumo'. Sikusema mimi. Walisema wao. Mimi nikaona..." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikaona wananisifu. Walikuwa wananisukuma niwahi hospitali, wananiita shujaa. Nikarudi kuwaambia vipi?"

"Na kinyozi akapigwa."

"Nilisikia."

"Ulisikia," alisema Sajini. Aliinuka, akanyoosha mkono. "Ufunguo wa gari, mzee wangu. Twende kwa miguu."

Saa nane kamili aliweka karatasi mbele ya Mkuu. Jina lilikuwa la mtu mwingine. Mkuu alisoma, akauliza kama kweli kielelezo namba moja ni kichwa cha fundi bomba, akaambiwa ndiyo, akafunga macho.

Kinyozi alifunguliwa pingu pale mapokezi.

"Kwa hiyo sina kosa, mama?"

"La kumgonga mtoto huna."

"Nilisema mimi!" Akaanza kutabasamu, jicho lililovimba likamuuma. "Basi naomba simu yangu. Na gari."

"Keti."

Akaketi. Sajini akamsomea ukurasa ule wa hospitali, neno kwa neno, mpaka pale penye *sote*. Alisoma kwa sauti kavu, bila kuongeza kitu. Alipomaliza, kinyozi alikuwa anatazama sakafu.

"Mimi nilikuwa naita wateja tu," alisema mwishowe.

"Najua. Ndiyo maana nimekereka. Ungekuwa mtu mbaya kazi yangu ingekuwa nyepesi." Akamsukumia bisibisi mezani. "Itoe spika, ukiwa hapahapa, nikikuangalia. Na kile kifilimbi. Ukimaliza, yule baba pale ana nusu kichwa chako."

Fundi bomba alikuwa ameshavua kofia.

Alasiri Sajini aliandika karatasi kwa mkono, kwa maandishi makubwa, akaenda kuibandika kwenye geti la shule. Alipokuwa anatafuta gundi, mtu alisimama nyuma yake. Mama wa Kidoti. Alikuwa ametembea kutoka hospitali.

"Nimesikia ni Mzee wa Maji," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Kidoti aliniambia." Hakuwa anaongea na Sajini hasa. "Wiki mbili zilizopita. Alikuja akasema, mama, Ngurumo analia lakini haji, nifanyeje? Nilikuwa nina nguo ya mtu ya kumaliza. Nikamwambia, kama haji, usimwogope. Maneno yangu hayo. Usimwogope."

Sajini akampa kalamu. Mama wa Kidoti akasoma karatasi yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata, kisha akainama akaongeza wa mwisho kwa mkono wake. Karatasi ile ilikuwa hivi:

MAMBO YA KUEPUKA

Usifunge kwenye gari sauti ya gari jingine.

Usilifanye gari lililosimama lilie kama linalokwenda, hata kwa mzaha, hata kwa tangazo la biashara.

Usitoboe eksozi wala kuitia filimbi.

Usiendeshe gari lenye eksozi iliyokatika karibu na watoto, hata kama mpya umeshaagiza.

Usiseme uliona kama ulisikia.

Usitume kwenye simu jambo ambalo hukulishuhudia. Usimpige mtu kwa sababu ya jambo hilo.

Usimfundishe mtoto kuvuka kwa masikio peke yake. Mahali penye ukuta, avushwe na mtu mzima.

Usimwambie mtoto asiogope gari ambalo wewe mwenyewe hujakwenda kulitazama.